Karai la Likoni na Mapishi ya China

Sahani za Wachina zilifika Pwani hii miaka mia kadhaa kabla ya chakula chao. Msikilizaji wa Likoni anayetaka ushahidi na avuke feri, aingie makumbusho ya Fort Jesus, atazame vigae na mabakuli ya kaure yaliyofukuliwa Gede na miji mingine ya kale. Akiwa na nauli ya ziada apande matatu mpaka Mambrui, kaskazini ya Malindi, ambako mabakuli ya namna hiyo yalipachikwa kwenye mnara wa kaburi. Nyumba za mawe za Lamu nazo zilijengwa na zidaka ukutani, ambamo mwenye nyumba alipanga kaure zake wageni wazione. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme wa China, enzi ambazo merikebu za amirali Zheng He zilikuwa zikikata Bahari ya Hindi. Na mwaka 2010 wachimbuzi wa Kenya na wa China waliokota huko Mambrui sarafu ya zama za mfalme huyo huyo, Yongle.

Vyombo vikaja, upishi usije.

Kutoka Bara Hindi Wapwani walipokea chapati, sambusa, biriani na achari. Kutoka Arabuni, halua. Wareno wakaleta mbegu za ng'ambo ya Atlantiki, muhogo na mahindi na pilipili, mpaka leo mtu haamini kwamba muhogo ulikuwa mgeni hapa. China iliacha bakuli bila cha kutia ndani. Sababu yenyewe haifichiki: Mhindi na Mwarabu walikaa, wakaoa, wakafungua maduka na migahawa, ilhali safari za Zheng He zilikuwa saba tu kwa jumla, na kufikia mwaka 1433 zilikuwa zimekwisha. Upishi huja na mpishi aliyekuja kukaa.

Sasa Mchina amerudi, na safari hii haonekani kuwa na haraka ya kuondoka. Reli mpya ya Madaraka Express iliyozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, yenye kituo chake Miritini, ilijengwa na kampuni ya China. Daraja la miguu la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa Januari 2021 ili kuwapunguzia watu wa Likoni msongamano wa feri, lilijengwa na kampuni hiyo hiyo. Chupa ya chai iliyo mezani Mtongwe imetoka China, na sufuria, na tochi. Hata kitunguu thomu. Mama anayechagua thomu sokoni, akaacha zile punje ndogo ngumu kumenya na kutwaa zile kubwa nyeupe, mara nyingi anatwaa mavuno ya China, nchi inayozalisha takriban robo tatu ya kitunguu saumu chote duniani. Pilau ya Ijumaa, basi, ina Mchina ndani yake kabla hata mazungumzo haya hayajaanza.

Kwa nini chakula cha Wachina kinavuta watu, hasa vijana? Jibu la kwanza ni wakati. Anayefanya kazi Kisiwani na kulala Bofu au Timbwani anafika kwake jioni akiwa amechoka na foleni ya kivuko, na mchuzi wa nazi unataka subira: kukuna, kukamua tui la kwanza na la pili, kuchemsha taratibu lisikatike. Sahani ya kuku na mboga iliyopikwa Kichina hukaa motoni dakika tano au sita. Jibu la pili ni ladha yenyewe: chumvi, utamu na uchachu katika tonge moja, na mboga inayolia mdomoni kwa sababu haikuachwa ilainike. Pwani inaijua ladha hiyo tangu zamani kupitia ukwaju, embe bichi la pilipili na achari ya ndimu. Ulimi wa Likoni haujifunzi jambo geni hapo.

Mikahawa ipo. Iko Kisiwani, iko Nyali, na kwa watalii wa Diani pia. Lakini kwa familia ya watu sita, kuvuka, kuagiza, kulipa na kurudi ni hesabu ya sikukuu, haiwezi kuwa ya Jumanne. Tena pana kumbukumbu ambayo haijafutika: Machi 2015 ilitokea habari kwamba mkahawa mmoja wa Kichina mtaa wa Kilimani, Nairobi, ulikuwa ukiwakatalia Waafrika mlangoni baada ya saa kumi na moja jioni. Serikali ya kaunti ikaufunga kwa kukosa leseni. Ulikuwa mmoja kati ya mingi, na si haki kuibebesha mizigo yake mikahawa mingine yote, ila wako waliosema tangu siku ile kwamba wali wa kukaanga wataujifunza wenyewe nyumbani.

Na wengi wanaodhani wameshaonja chakula cha Wachina mjini Mombasa, ukweli ni kwamba wameonja cha Wahindi. Kuku wa Manchurian anayeuzwa kwenye mikahawa mingi, aliyekaangwa kwa unga kisha akazamishwa katika mchuzi mzito wa thomu, tangawizi, pilipili na soya, hatoki Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Nelson Wang, mpishi mwenye asili ya Kichina aliyezaliwa Kolkata, ndiye anayesifiwa kwa kumbuni mjini Mumbai mwaka 1975. Ni chakula kizuri, na jamaa zake wamesafiri na Wahindi kila walikokwenda, pamoja na Mombasa. Mlaji ajue tu kwamba kina masala mengi na mchuzi mwingi kuliko kile ambacho mpishi wa jimbo la Guangdong, China, angekiita chake.

Twende jikoni.

Chombo kikuu cha mpishi wa Kichina ni sufuria pana la chuma lenye tumbo la duara na kingo zilizopanda. Watu wanalisaka madukani kwa bei ya kutisha, na wakati huo huo ndugu yake yuko uvunguni mwa meza: karai. Karai lile lile la viazi, bajia na mahamri lina umbo linalotakiwa, kwa sababu tumbo la duara hukusanya moto chini na kuuacha upungue kuelekea kingoni, kwa hiyo mpishi anaweza kuunguza katikati na kupumzisha pembeni. Karai la chuma ni bora kuliko la aluminiamu nyembamba. Lenye kutu lisuguliwe, likaushwe juu ya moto, lipakwe mafuta kidogo na kuchomwa mpaka liwe jeusi linalong'aa. Baada ya hapo lisioshwe kwa sabuni kali na lisiachwe na maji.

Moto ndio mtihani. Majiko ya mikahawa ya Kichina hutoa mwali mkubwa mara kadhaa kuliko jiko la gesi la nyumbani, na mtungi mdogo wa kilo sita wenye kichwa chake juu hauwezi kushindana. Hapa jiko la makaa lina heshima yake: makaa yaliyoshika vizuri, yakipepewa, hutoa joto kali linalolizunguka karai lote. Bila shaka makaa yamepanda bei, hasa tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti kwenye misitu mwezi Februari 2018, na moshi wake ni adha kwa mapafu. Lakini mapishi haya hayali makaa mengi. Wanaoandika juu ya historia ya upishi wa China hutaja uhaba wa kuni kuwa moja ya sababu za watu wale kukata chakula vipande vidogo: kisu kinafanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na kuni.

Kwa hiyo kazi yote hufanyika kabla ya moto kuwashwa, na hapo ndipo wapishi wetu wengi hukosea. Mpishi wa Pwani amezoea kukata kitunguu, kukitia, kisha kugeukia nyanya huku kitunguu kikiiva. Ukifanya hivyo na karai la moto wa Kichina, thomu itakuwa mkaa kabla hujapata kisu. Kidari cha kuku kikatwe vipande vyembamba, kichanganywe na kijiko cha soya, ute wa yai moja na kijiko cha wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa pakiti, kikae robo saa. Wanga na ute huo hukifunika kila kipande na kukizuia kukauka. Karoti, pilipili boga na kabeji zikatwe nyembamba, kila moja kwenye sahani yake, zikiwa kavu. Thomu na tangawizi zikatwekatwe kwa kisu, zisitwangwe, maana za kinuni hutoa maji na kuganda chini. Katika bakuli dogo, mchuzi uchanganywe mapema: soya vijiko viwili, siki kimoja, sukari kimoja, maji nusu kikombe na wanga kijiko cha chai.

Ndipo karai tupu liwekwe motoni mpaka lianze kufuka moshi mwembamba. Mafuta yatiwe, yazungushwe, nusu ya kuku iingie na iachwe kidogo ishike rangi kabla ya kugeuzwa. Itoke. Nusu ya pili ifuate. Mpishi atumie sikio hapa. Mlio mkali unaopasuka ni ishara njema. Ukigeuka kuwa mchemko wa chini chini, karai limejazwa kupita kiasi, joto limekufa, na kuku anachemka katika maji yake mwenyewe. Hakuna soya itakayomwokoa. Baada ya kuku, thomu na tangawizi kwa sekunde chache tu, karoti kwanza, pilipili boga, kabeji mwisho, kuku arudi, bakuli la mchuzi likorogwe tena na kumiminwa. Ukichemka tu, mchuzi unakuwa mzito na kung'aa. Korosho za kukaanga zinyunyizwe juu. Hakuna haja ya chumvi, na kidari kimoja kilichochanganywa na mboga namna hii kinatosha watu ambao kwa kukaanga kavu wangegombania vidari vitatu.

Wali wa kukaanga unahitaji tahadhari ambayo vitabu vya mapishi huipita haraka. Wali mzuri kwa kazi hii ni uliopoa na kukauka, na mara moja watu hukumbuka kiporo cha jana. Katika wali hukaa vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake haziuawi na mchemko wa kawaida. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha katika joto la Mombasa, mbegu hizo huamka, huzaana na kuacha sumu ambayo moto wa asubuhi hauiondoi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Uingereza waliufuatilia ugonjwa wa kutapika uliowapata wateja wa mikahawa ya Kichina, na wakaukuta umetoka katika wali uliopikwa mapema na kuachwa nje. Mwenye friji autandaze wali kwenye sinia upoe haraka, kisha auingize ndani. Asiye na friji apike mchana huo huo, autandaze, aupepee kidogo, akaange ungali wa siku yake. Kiporo kilicholala nje kimwagwe, hata kama roho inauma.

Mboga za majani zitawashangaza wengi. Kusini mwa China na kule Taiwan, majani ya viazi vitamu yanayokaangwa kwa thomu ni chakula cha kila siku. Hapa tunayaita matembele, na yanauzwa kwa mafungu karibu kila kona ya Likoni. Mchicha nao huliwa China kwa namna hiyo hiyo. Tofauti iko kwenye moto tu: thomu itiwe katika mafuta ya moto, majani yaliyokaushwa maji yatupwe ndani, yageuzwe mara chache mpaka yanyauke yakiwa bado kijani, yatolewe. Mtu aliyekua akila mchicha uliochemshwa mpaka ukasahau rangi yake anaweza kuona ni mbichi. Akipewa mara ya pili, ataomba kuongezwa.

Na samaki! Mji wenye tafi na changu wabichi hauna udhuru. Wakantoni, watu wa Guangdong, humpika samaki kwa mvuke: anachanjwa ubavuni, analazwa kwenye sahani juu ya vipande vya tangawizi, sahani inawekwa juu ya kibakuli kilichofudikizwa ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, na kifuniko kinabanwa. Samaki wa nusu kilo haendi zaidi ya dakika kumi hivi. Maji yaliyojikusanya sahanini yanamwagwa, vitunguu vya majani na tangawizi iliyokatwa kama nyuzi vinatandazwa juu, mafuta yaliyochemka sana yanamiminwa yakichirizika, na soya kidogo inafuata. Hakuna nazi, hakuna bizari, hakuna pa kuficha samaki aliyelala. Ndiyo maana upishi huu unafaa zaidi kwa anayenunua kwa mvuvi kuliko kwa anayenunua kwenye barafu.

Linabaki swali la halali, ambalo katika mtaa kama Likoni huja kabla ya swali la ladha. Wachina wengi hula nguruwe, na mapishi yao mengi hutiwa mvinyo wa mchele. Hilo ni kweli na halina haja ya kupambwa. Lakini China ina Waislamu wa jamii ya Hui zaidi ya milioni kumi, wenye mikahawa yao na mapishi yao ya karne nyingi. Zheng He mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kiislamu huko Yunnan. Tambi za supu ya ng'ombe za mji wa Lanzhou, zinazovutwa kwa mkono mpaka donge moja la unga liwe nyuzi kadhaa, ni chakula cha Wahui hao, na sasa zinaliwa China nzima. Huko Xinjiang, Waighuri huchoma nyama ya kondoo kwenye vijiti juu ya makaa, wakiinyunyizia pilipili na bizari nyembamba, ile ile tunayotia kwenye pilau. Mchoma mishkaki yeyote wa Likoni angeitambua kwa harufu akiwa upande wa pili wa barabara.

Mpishi wa nyumbani anaondoa mvinyo na kutia maji ya ndimu yenye sukari kidogo, na chakula hakipotezi kitu cha kulilia. Kuhusu soya, ile iliyochachushwa kwa njia ya asili huweza kuwa na chembe za kileo zinazotokana na uchachushaji wenyewe. Mwenye shaka atafute chupa yenye alama ya halali na amwulize mwanachuoni anayemwamini. Mkahawani huwezi kuingia jikoni kusoma vibandiko. Kwako unaweza, na hoja hiyo peke yake yatosha kumwambia mtu apike mwenyewe.

Shaka nyingine ni ile chumvi ya Wachina ambayo wengi huiita ajinomoto. Si uvumbuzi wa Wachina: aliyeitenga kutoka katika mwani ni mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, mwaka 1908. Hofu ilianza mwaka 1968, daktari mmoja alipoandika katika jarida la tiba la Marekani kwamba hupata ganzi na mapigo ya moyo ya kasi kila alapo kwenye mikahawa ya Kichina, akauliza huenda ni kwa nini. Majaribio yaliyofuata, yale ambayo mlaji na mpimaji wote hawakujua nani amepewa nini, hayakuthibitisha kwamba kiasi cha kawaida cha chakulani kinadhuru. Na anayeikimbia ageuze vipakiti vya viungo vya mchuzi na vya supu alivyonavyo kabatini, atafute maandishi E621. Huenda ameila miaka yote.

Chumvi ya soya ndiyo ya kuogopwa zaidi, hasa katika nyumba yenye mgonjwa wa presha. Kijiko kimoja kikubwa cha soya hubeba karibu miligramu 900 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi 2,000 kwa siku nzima. Familia inayopenda kumimina soya mezani kama inavyomimina pilipili ya ukwaju inafanya kosa ambalo hata Wachina wenyewe hawalifanyi. Kwao hutiwa karaini kwa kipimo, na wali huliwa mweupe.

Anayetaka kujaribu wiki hii asianze na kuku wala samaki. Aanze na fungu la matembele, thomu nne na karai alilonalo, na akishindwa mara ya kwanza apunguze majani na aongeze moto. Kitu pekee atakachohitaji kununua kipya ni chupa moja ndogo ya soya, na asome kibandiko chake kabla ya kulipa.